Choo na kuoga kwa ndugu mwenye ulemavu: nyie mlifanyaje? Tupeane uzoefu

BintiWaMbagala:
Habari za jioni ndugu zangu. Mama yangu alipata kiharusi 2021, upande wa kulia ukapooza. Hospitali walitufundisha mengi: tumgeuze kila baada ya saa mbili asipate vidonda vya kulala, nguo tumvishe kwa kuanza na mkono uliopooza na kumvua tuanze na ule mzima, tusimnyanyue kwa kumvuta mkono mbovu maana bega huteguka. Yote tuliyashika. La choo hakuna aliyelitaja, na sisi hatukuuliza.

Tunaishi nyumba ya kupanga, choo cha kuchuchumaa, familia sita. Tukawa tunamwekea ndoo chumbani. Wiki ya tatu nikaona midomo inamkauka, mkojo mweusi kama chai ya rangi. Kumbe hanywi maji. Nikimwachia kikombe, nikigeuka tu anakimwaga kwenye beseni la vyombo. Nilipombana akasema, "Mwanangu, nikinywa nitakusumbua." Siku hiyo nililia.

Jirani yetu fundi seremala akachukua kiti cha plastiki, kile chenye mikono, akakikata tundu katikati, tukakiweka juu ya shimo la choo. Siku ya kwanza kingo zilimchuna paja. Tukazipiga msasa na kuzizungushia tyubu ya baiskeli. Siku ya pili kiti kikateleza, sakafu ina maji. Fundi akachimba vishimo vinne kwenye saruji, miguu ya kiti ikakaa humo. Wapangaji wengine wakiingia wanakinyanyua na kukirudisha. Ukutani, upande wa kushoto, tumefunga bomba la kushika. Sasa anakwenda na fimbo yake, mimi nasimama nje. Na maji anakunywa.

Wenye watoto, wenye wazee, na ninyi wenyewe wenye ulemavu, karibuni.

MamaWaMoshi:
Pole dada, na hongera sana. Wangu ana miaka saba, mtindio wa ubongo, hasemi kwa mdomo. Miaka minne ya mwanzo nilimvalisha nepi tu nikiamini hajui lolote. Mtaalamu wa mazoezi akaniambia niandike saa anazojisaidia, wiki nzima. Nikaandika. Karibu kila siku ni nusu saa baada ya uji! Nikabananisha poti kwenye kona ya ukuta, mto huku na huku, miguu ikanyage chini, kwa sababu ikining'inia mwili wote unakaza. Ilichukua miezi. Siku hizi akibanwa ananitazama, halafu anautazama mlango, halafu mimi tena. Asiyemjua anadhani anashangaa tu. Anaongea yule mtoto.

Kitimwendo_Dom:
Nawasoma taratibu. Mimi ndiye mwenyewe: ajali ya bodaboda, uti wa mgongo, huu mwaka wa nane. Mnaotuhudumia, nawaomba mtuulize kabla ya kutushika. Mtu akinisukuma kiti kwa nyuma bila kunisemesha moyo unaruka, sijui napelekwa wapi. Na swali langu niulizwe mimi. Si nipo mbele yake, halafu anamgeukia mdogo wangu, "Anatumia dawa gani?"

Dada, hapo kwa mama kukataa maji umenigusa. Mwezi uliopita nilikuwa na semina mjini. Ukumbi una mlango wenye alama ya kiti chetu, nikafurahi. Kufungua, mifagio, ndoo na maboksi ya sabuni hadi juu. Choo cha kawaida mlango sentimita 60, kiti changu 64. Nilikaa tangu asubuhi bila kunywa kitu, na kwetu sisi maambukizi ya mkojo hayachezi mbali. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu tunayo tangu 2010, na suala la majengo ya umma kufikika limo. Nilimwambia msimamizi hivyo hivyo. Aliondoa mifagio saa tisa, semina imeshaisha.

MjukuuKisauni:
Mimi niko Mombasa. Nyanya yangu haoni na magoti hayakunji. Taabu yetu haikuwa kiti, ilikuwa ni nani amuoshe. Mimi ni mjukuu wa kiume, akasema ng'o, na ni haki yake. Tukafunga kamba ukutani kutoka kitandani hadi bafuni, anaifuata kwa mkono. Anaoga amekaa kwenye kigoda, sabuni tumeitia ndani ya soksi na kuifunga kwenye mguu wa kigoda, haimponyoki tena. Mama jirani huja Ijumaa kumsugua mgongo na kumsuka. Siku nyingine zote anaoga mwenyewe.

BabaMdogo:
Wetu alizaliwa na nyayo zilizopinda, tukaanza matibabu hospitali ya CCBRT, Dar es Salaam, akiwa mchanga. Plasta zilibadilishwa kila wiki, wiki sita, na plasta haitakiwi kulowa, kwa hiyo ni kumpangusa kwa kitambaa tu. Zikafuata viatu vyenye chuma katikati, saa 23 kwa siku, miezi mitatu. Ile saa moja iliyobaki ndiyo ya kuoga. Mke wangu hakukubali ipungue hata dakika, mtoto akirusha maji na miguu mitupu. Sasa ni vya usiku tu.

BintiWaMbagala:
Nimemsomea mama yote. Sabuni ya kwenye soksi ameipenda, nimeshamfungia. Kisha akanyamaza, akasema, "Waulize na komeo." Anataka kujifungia kwa ndani. Mimi naogopa, akianguka nitamfikiaje?

Kitimwendo_Dom:
Mwekeeni. Ila kwanza mlango ufungukie nje. Ukifungukia ndani, aliyeanguka anauziba kwa mwili wake. Komeo liwe kibao kinachozunguka kwenye msumari mmoja, na pembeni yake toboeni tundu dogo la kupitisha bisibisi kwa nje. Mwoneshe mama hilo tundu, ajue lipo na ni la nini.

BintiWaMbagala:
Asante sana kaka. Wetu unafungukia ndani. Nimeongea na fundi na mwenye nyumba amekubali, Jumamosi anakuja kuhamisha bawaba.