Mjadala: Je, ni haki kuuita "wa wastani" udhaifu unaosubiri mtu abofye kiungo?

Mwanzisha mada

Ndugu wachangiaji, naleta kwenu jambo ambalo sisi tunaolinda mifumo hukutana nalo karibu kila tunapokabidhiwa ripoti ya ukaguzi. Udhaifu wa XSS ya kuakisiwa, yaani mwanya unaomwezesha mshambuliaji kupenyeza skripti (maagizo ya programu yanayoendeshwa na kivinjari) kwenye ukurasa wa tovuti kupitia kiungo, hupewa mara nyingi alama 6.1 kati ya 10 katika CVSS, mizani ya kupimia uzito wa udhaifu, toleo la tatu, na kwa alama hiyo huandikwa kuwa wa wastani. Ukiliondoa sharti moja tu, lile la kwamba lazima mtumiaji ashiriki kwa kubofya, na kuyaacha mengine yote yalivyo, alama hupanda hadi 7.2 na udhaifu huohuo huitwa wa juu. Maana yake ni kwamba kidole cha mtumiaji kimehesabiwa kuwa sehemu ya ulinzi wa programu.

Kwa wale wasiofanya kazi hii, chukueni mfano wa ukurasa wa kutafutia. Ukiandika neno lisilopatikana, ukurasa hujibu kwamba hakuna matokeo, na hulitaja neno lenyewe. Iwapo programu inalirudisha neno hilo kama lilivyokuja, mshambuliaji ataweka skripti mahali pa neno, ataisokomeza yote ndani ya kiungo, kisha atakutumia. Kivinjari chako hakiwezi kujua kwamba skripti ile haikuandikwa na wenye tovuti, kwa kuwa kimeipokea kutoka kwenye seva ileile unayoitumia kila siku. Kwa hiyo kitaiendesha kwa mamlaka yako wewe uliyekwisha kuingia. Kama wewe ni msimamizi wa mfumo, basi imeendeshwa kwa mamlaka ya msimamizi.

Swali langu ni hili: ni haki udhaifu wa namna hiyo kuwekwa kwenye foleni ya "tutarekebisha baadaye" kwa sababu tu unasubiri mtu abofye?

Mhandisi wa Pwani

Ndugu mwanzisha mada, mizani ile hupima ugumu wa shambulio, na shambulio linalohitaji mtu wa tatu afanye kitu ni gumu kuliko lisilohitaji mtu. Hilo halina ubishi. Timu yenye watu watatu na makosa arobaini mezani lazima ipange kipi kitangulie, na mwanya unaomruhusu mtu aingie kwenye hifadhidata bila kumsubiri yeyote utatangulia daima. Tena vivinjari vya siku hizi vina kichujio kinachoitambua skripti iliyokuja ndani ya kiungo na kuizuia. Zaidi ya hayo, mtu aliyepewa dhamana ya mfumo mzima, ambaye bado anabofya kiungo kilichofupishwa kilicholetwa na mtu asiyemjua, hakustahili dhamana hiyo.

Dawati la Msaada

Nimeisoma sentensi hiyo ya mwisho mara mbili na imeniudhi, kwa sababu inanihusu. Ndugu Mhandisi, kazi ninayolipwa mshahara ni kufungua viungo vinavyoletwa na watu nisiowajua. Mteja huandika kwamba ukurasa fulani unampa hitilafu, na huambatanisha kiungo. Nisipokifungua sitaiona hitilafu. Nikimjibu kwamba sifungui viungo vya wageni, mkuu wangu atauliza nimeajiriwa kufanya nini.

Aprili 2010 wasimamizi wa miundombinu ya Apache Software Foundation, watu ambao programu zao zinaendesha sehemu kubwa ya tovuti duniani, walipatwa na jambo hilihili. Mtu aliwafungulia tiketi kwenye JIRA, mfumo wao wa kupokea na kufuatilia hitilafu, akisema amepata hitilafu alipokuwa akipitia miradi, na akaweka kiungo kilichofupishwa kwa TinyURL, huduma ya kufupisha viungo inayoficha anwani halisi. Kiungo kile kiliwarudisha kwenye JIRA yao wenyewe, katika ukurasa uliokuwa na XSS ya kuakisiwa, kikiwa kimebeba skripti ya kuiba vikao vyao, yaani ile hali ya kuwa wamekwisha kuingia kwenye mfumo. Wasimamizi kadhaa walibofya, wakiwemo wenye haki za juu kabisa za JIRA. Utawaambia nao kwamba hawakustahili dhamana?

Mkaguzi wa Mifumo

Naomba nisahihishe jambo moja kabla halijaenea. Kichujio anachokitaja ndugu Mhandisi hakipo tena. Internet Explorer 8 ilikuwa nacho tangu 2009, na Chrome ikafuata, lakini Edge iliachana nacho mwaka 2018, na Chrome ikakiondoa katika toleo la 78, Oktoba 2019. Firefox haikuwahi kuwa nacho. Kiliondolewa kwa sababu wadukuzi walikuwa wakipata njia za kukipita kila mara, na kibaya zaidi, chenyewe kiliweza kutumiwa kuzima skripti halali za ukurasa. Ye yote anayepanga foleni ya marekebisho yake akitumaini kichujio hicho anategemea kitu ambacho hakipo.

Mhandisi wa Pwani

Dada au kaka wa Dawati, sikukutukana, na nisingependa mjadala ugeuke kuwa wa nani amedharau kazi ya nani. Hata hivyo, ukiutaja mkasa wa Apache, utaje wote. Taarifa waliyoitoa wenyewe inasema kwamba sambamba na kiungo kile, wavamizi walikuwa wakibahatisha nywila kwenye ukurasa wa kuingilia, mamia ya maelfu ya majaribio, na kwamba moja kati ya njia hizo mbili ndiyo iliyofaulu. Hawakusema ni ipi. Kisha, baada ya kupata haki za usimamizi wa JIRA, wavamizi walipandikiza programu ya kukusanya nywila, wakawatumia watu barua za kubadilisha nywila, na nywila moja waliyoinasa ikawa ndiyo hiyohiyo aliyoitumia mwenyewe kwenye akaunti yake ya seva, akaunti yenye haki kamili. Kilichoiangusha seva ile ni nywila iliyorudiwa. XSS ilikuwa mlango mmoja kati ya miwili ya uani.

Dawati la Msaada

Kwa hiyo sasa kosa limehama kutoka kwa aliyebofya na kwenda kwa aliyerudia nywila. Katika kila hatua unayoieleza yuko mtumiaji wa kulaumiwa, na hakuna hata hatua moja unapomtaja aliyeandika ukurasa uliorudisha maneno ya mgeni bila kuyachuja. Jambo hilo ndilo linaloniumiza. Seva ile ilikuwa imebeba mifumo ya kazi ya JIRA, Confluence na Bugzilla ya shirika zima. Wangekuwa wamebahatisha nywila peke yake, ningekaa kimya. Lakini waliona inafaa waanze kwa kiungo, kwa sababu walijua wasimamizi wale ni watu wa kusaidia, na mtu wa kusaidia hufungua anacholetewa.

Msomaji wa Usiku

Mnabishana juu ya Apache ilhali mfano mkubwa kuliko wote ni ule wa mtandao wa kijamii wa MySpace wa Oktoba 2005, ambapo skripti ya kijana mmoja ilienea kwa watu zaidi ya milioni moja katika muda usiofika siku nzima. Kama XSS inaweza kufanya hivyo, mnawezaje hata kulitaja neno "wastani"?

Mkaguzi wa Mifumo

Mfano huo ni wa kweli, ila ni wa XSS iliyohifadhiwa, ambayo hukaa ndani ya hifadhidata na kumpata kila anayeutembelea ukurasa. Tunayoizungumzia haihifadhiwi popote. Humpata tu yule aliyefika kwa kiungo kilichotengenezwa. Tukizichanganya aina hizo mbili tutampa ndugu Mhandisi ushindi asioustahili, kwa sababu ataonyesha kwa haki kabisa kwamba ya kuakisiwa haisambai hivyo. Hatari yake ni ya namna nyingine: mshambuliaji humchagua mtu anayemtaka. Hahitaji watu milioni moja, anamhitaji mhasibu mmoja au msimamizi mmoja aliyekwisha kuingia, na mizani haioni tofauti kati ya kumpata mgeni aliyepita njia na kumpata mwenye funguo zote.

Niongeze pia, kwa kuwa hutajwa mara kwa mara, kwamba kuiwekea kuki (kijidata ambacho kivinjari hukitunza ili tovuti ikutambue kuwa umeingia) alama ya HttpOnly hakumalizi tatizo. Kunaizuia skripti isiisome kuki, lakini hakuizuii kutenda mambo kwa jina lako papo hapo ukurasani: kubadilisha barua pepe ya akaunti, kuongeza msimamizi mpya, kutuma fomu uliyokuwa hujaijaza.

Mfundishaji wa Programu

Nimefuatilia tangu mwanzo, na ninaona mnazozana juu ya jina la ugonjwa wakati dawa yake inajulikana. CERT ya Marekani, kituo cha kushughulikia matukio ya usalama wa kompyuta, ilitoa tahadhari kuhusu jambo hili Februari 2000. Dawa ni kuyageuza maneno ya mgeni kabla ya kuyaonyesha, ili alama ya kufungulia tagi ya HTML, lugha inayoandikia kurasa za tovuti, isomwe kama herufi tu. Django, mojawapo ya zana za kuundia tovuti, hufanya hivyo yenyewe kwenye violezo vyake vya kurasa tangu toleo la 1.0 la mwaka 2008, na React, zana nyingine ya namna hiyo, nayo huyageuza maandishi yote isipokuwa pale mwandishi anapoamua kwa makusudi kuuzima ulinzi huo.

Penye ugumu wa kweli, na ninasikitika kwamba wanaofundisha hupapita haraka, ni kuhusu mahali neno linapotua. Ugeuzaji unaotosha katikati ya aya hautoshi ndani ya sifa ya tagi (maelezo ya ziada yanayoandikwa ndani ya tagi) isiyofungwa kwa alama za nukuu. Unaotosha ndani ya sifa hautoshi ndani ya skripti. Na kiungo kinachoanza na "javascript:" hupita salama salimini kwenye vyote hivyo, kwa kuwa hakina herufi hata moja inayotiliwa shaka. Mwanafunzi aliyeambiwa "chuja kila kinachoingia" atachuja mlangoni na kuacha upande wa kutokea wazi, naye ataamini kwamba amemaliza kazi.

Mhandisi wa Pwani

Ndugu Mfundishaji, mimi sijasema dawa haijulikani. Nimesema timu ndogo haiwezi kuitumia kila mahali kwa siku moja, hasa kwenye programu iliyoandikwa miaka kumi na mitano iliyopita na watu waliokwisha kuondoka. Nakubali juu ya kichujio. Kuhusu msimamizi, bado nasema angeweza kujikinga: afungue viungo vya tiketi katika kivinjari ambacho hajaingia kwa akaunti yake ya usimamizi, na akaunti hiyo aitumie pale tu anapoihitaji.

Mwanzisha mada

Huo ni ushauri mzuri na ninaufuata mwenyewe, ila haujibu swali. Niliuliza kama sharti la kubofya linastahili kushusha alama pale ambapo anayebofya ni mtu ambaye kazi yake ni kubofya. Mfumo wa tiketi, mfumo wa malalamiko ya wateja, mfumo wa maombi ya kazi: katika yote hiyo kubofya ni jambo la uhakika, wala si la bahati. Mizani yenyewe inaruhusu shirika lipange upya alama kulingana na mazingira yake, lakini katika ripoti nilizopokea sijaona aliyeitumia sehemu hiyo.

Dawati la Msaada

Kivinjari cha pili ninacho tayari, ndugu Mhandisi. Tatizo ni kwamba hitilafu nyingi za wateja hazionekani mpaka uwe umeingia kwa akaunti yenye haki zilezile walizo nazo, kwa hiyo nalazimika kukirudia kiungo kilekile nikiwa nimeingia. Mwanya wa mfumo wetu uliandikwa kwenye ripoti ya mwaka jana kuwa wa wastani, na hadi ninapoandika haya haujazibwa. Tiketi za leo asubuhi zina viungo, nami nitavifungua.