Mrejesho: mzee kaondolewa tezi dume kwa roboti

Wakuu, niliwauliza kama upasuaji wa roboti kwa saratani ya tezi dume unastahili bei yake. Mzee ameshafanyiwa India, yuko nyumbani, anakula vizuri.

Roboti haijiendeshi. Daktari anakaa pembeni kwenye mashine yake akitazama picha ya 3D iliyokuzwa, na mikono ya da Vinci (ndiyo roboti yenyewe) inafuata vidole vyake ndani ya tumbo kupitia matundu ya takriban milimita 8. Damu ilipotea kidogo, hakuongezewa. Alicholalamikia ni mpira wa mkojo kuliko vidonda (wazee mnawajua).

Mkojo bado unamvuja akikohoa. Anafanya mazoezi ya kubana na kuachia misuli ya nyonga, na tuliambiwa mapema kwamba huchukua miezi. Aliyesema humu kwamba roboti inazuia mkojo kuvuja alitia chumvi: utafiti wa Brisbane, Australia, uliochapishwa 2016, uliilinganisha na upasuaji wa kufungua tumbo, na baada ya wiki 12 hali ya mkojo na nguvu za kiume haikutofautiana sana. Mimi ningemlipia daktari mzoefu kwanza, mashine baadaye.

Kipimo cha PSA (cha damu, cha kuangalia kama saratani imebaki au imerudi) ni mwezi ujao, nitaleta majibu.