Pete za ndoa: dhahabu ya njano, dhahabu nyeupe au platini?

Mwana-Ibanda (Bukavu)
Ndugu wapendwa, nawasalimu. Mimi na mchumba wangu tunatarajia kufunga ndoa mwezi wa nane, na sijaamua kama pete zetu zitakuwa za dhahabu ya njano, dhahabu nyeupe au platini. Sonara amenitajia bei tatu zilizoachana sana bila kunieleza sababu. Je, kwa nini vitu hivi ni ghali kiasi hiki?

Mama Neema (Goma)
Hongera, mdogo wangu. Lakini hujasema pete ni za karati ngapi, zina uzito gani, wala mchumba wako anafanya kazi gani. Tukushauri vipi bila hayo?

Mwalimu wa Kemia (Lubumbashi)
Wengi hudhani kuwa kitu kikiwa adimu lazima kiwe ghali. Migodi ya dunia hutoa zaidi ya tani 3,000 za dhahabu kwa mwaka, ilhali platini haifiki tani 200, na nyingi yake hutoka Afrika Kusini, ambako tani nzima ya mwamba husagwa ili kupata gramu chache tu. Kama uadimu pekee ungepanga bei, platini ingekuwa juu. Lakini tangu mwaka 2015 hivi dhahabu ndiyo iliyo ghali zaidi, kwa sababu benki kuu huihifadhi na watu huikimbilia wanapohofia sarafu zao, wakati platini hutegemea sana viwanda vya magari, vinavyoitumia kusafisha moshi.

Mwana-Ibanda (Bukavu)
Samahani, Yaya Neema. Mchumba wangu ni muuguzi, ananawa mikono kutwa nzima. Dhahabu ni ya karati 18, yaani asilimia 75 yake ni dhahabu safi, na sonara alitaja gramu 8.

Papa Fundi (Kadutu)
Mwanangu, usilinganishe bei ya gramu kwa gramu. Platini ya pete huwa na usafi wa asilimia 95 na ni nzito mno, hivyo umbo lile lile linalochukua gramu 8 za dhahabu ya karati 18 litachukua zaidi ya gramu 10 za platini. Tena dhahabu safi huyeyuka kwenye nyuzi 1,064 na platini kwenye nyuzi 1,768, moto ambao mafundi wengi hapa mjini hatuna. Kwa hiyo hata kuipanua baadaye kutakusumbua.

Dhahabu nyeupe ni dhahabu iliyochanganywa na metali nyeupe kama paladi au nikeli, kisha mara nyingi hupakwa rodiamu, metali nyingine adimu, ili ing'ae. Kwa mikono ya muuguzi rangi hiyo itachakaa, na nikeli huwawasha baadhi ya watu. Rodiamu yenyewe hupatikana kama ziada wakati wa kuchimba platini, wala hakuna anayefungua mgodi kwa ajili yake, hivyo haiongezeki haraka hata ikitafutwa sana. Ndiyo maana mwaka 2021 wakia moja ilipita dola 25,000, kisha mwaka 2023 ikashuka chini ya dola 5,000. Mimi ningechukua njano.

Mama Neema (Goma)
Njano ni sawa, lakini usinunue dhahabu ghafi kwa mtu. Mimi niliuziwa gramu 12 na binamu wa rafiki yangu, aliyeapa kwamba zimetoka shimoni wiki ile ile. Nilikuwa nimeweka fedha hizo miezi saba kwa ajili ya pete ya binti yangu. Fundi alizifunga kwa uzi, akazitumbukiza ndani ya maji huku zikining'inia kwenye mizani, na uzito ukapungua kwa zaidi ya gramu moja, wakati dhahabu safi ingepungua kama gramu 0.6. Ndani mlikuwa na shaba nyingi, ambayo ni nyepesi kuliko dhahabu. Binti yangu aliolewa kwa pete ya kuazima, na jambo hilo linaniuma mpaka leo.

Mtoto wa Kamituga
Pole, Mama. Hata hivyo msitulaumu wachimbaji wote, kwani mchanganyiko mwingi hufanyika njiani, mikononi mwa wanegosia, yaani wafanyabiashara wanaonunua dhahabu kwa wachimbaji. Tena kipimo hicho cha maji hakigundui wolframi, metali ambayo uzito wake karibu unalingana na wa dhahabu, na inachimbwa humu humu Kivu.

Papa Fundi (Kadutu)
Wolframi huyeyuka kwenye nyuzi 3,422. Ndani ya punje ndogo ningeiona mara tu ninapoyeyusha. Hatari hiyo iko kwenye vipande vikubwa.

Mwalimu wa Kemia (Lubumbashi)
Huku kwetu tuna mfano mkubwa zaidi wa bei. Mwaka 1921 mwanasayansi Marie Curie alipewa huko Marekani gramu moja ya radiamu (si rodiamu; hii ni metali yenye mnunurisho), yenye thamani ya dola 100,000. Mwaka uliofuata radiamu iliyotokana na mawe ya Shinkolobwe, mgodi wa huku Katanga, ikaingia sokoni kupitia Ubelgiji, na bei ikaporomoka hata watengenezaji wa Marekani wakashindwa kuendelea.

Mwana-Ibanda (Bukavu)
Nawashukuru sana. Mchumba wangu bado anaipenda nyeupe, kwa hiyo nitamuuliza sonara kama anaweza kuchanganya na paladi badala ya nikeli.

Papa Fundi (Kadutu)
Muulize pia: zile gramu 8 ni za pete moja au za zote mbili?