AFO ngumu, ya bawaba au ile nyembamba: ipi kwa mguu unaoburuta?

mama_shamim (Bwaise)
Wapendwa naombeni ushauri. Binti yangu ana miaka 9, mguu wa kulia ulilegea baada ya sindano ya makalio alipougua malaria, neva ikaguswa. Raba ya kulia imelika mbele mpaka soksi inaonekana, na akitembea ananyanyua goti juu kama anavuka mtaro. Nimeambiwa avae AFO, kile kifaa cha plastiki cha kushikilia wayo na kifundo, na kuna ngumu, ya bawaba, na nyembamba inayopita nyuma tu. Naona ngumu ndo imara, naegemea huko, mnasemaje?

fizio_mbale
Pole sana mama Shamim. Usianze na uimara, anza na msuli upi umelegea. Kama ni ule wa mbele wa muundi peke yake, nyembamba inatosha, inajipinda akikanyaga halafu mguu ukitoka chini inashikilia vidole visiburute, na shavu la mguu linaendelea kusukuma. Ukimfungia ngumu hapo unamnyang'anya msukumo wake bure. Mwambie asimame kwa mguu huo tu ainue kisigino. Akishindwa ujue shavu nalo limelegea, nyembamba haitazuia goti kukunjika.

mzee_wa_arua
Mimi ni polio, nimevaa kalipa, ile fremu ya chuma ya kushikilia mguu, miaka mingi sasa niko kwa ngumu ya plastiki. Shavu langu halina nguvu kabisa, hii inazuia muundi usilalie mbele kwahiyo goti linasimama, zamani nilikuwa nalisukuma paja kwa mkono kila hatua. Ila kisigino kikigusa chini inausukuma muundi mbele ghafla na goti linataka kukunjika, paja likiwa dhaifu unaenda chini. Fundi alikata kisigino cha kiatu akaweka sponji, likatulia. Kushuka mlima bado kazi, na choo cha kuchuchumaa lazima niivue kwanza.

dada_kajjansi
Wangu anatembelea vidole, ana ya bawaba. Inazuia wayo kushuka lakini muundi unaenda mbele, anachuchumaa na ngazi anapanda, ila skrubu zinalegea kila mara. Dada usikubali ya kununua dukani tu, sehemu moja walitupa bila kuchukua kipimo cha plasta ikamchubua kifundo mpaka kidonda. Nenda karakana kama ya CoRSU, ile hospitali ya watu wenye ulemavu pale Kisubi.

mama_shamim
Nimemjaribu sasa hivi ameshika mlango, kisigino kimeinuka mara mbili mguu ukaanza kutetemeka 😢

fizio_mbale
Basi shavu lipo nusu, usikate tamaa. Wapime na nguvu ya paja, halafu waombe waanze na AFO yenye ukingo mpana unaofunika vifundo, wamwangalie akitembea, kama goti limetulia wapunguze plastiki kidogo kidogo pembeni ijipinde zaidi. Kupunguza inawezekana, kurudisha haiwezekani. Na nakuomba sana mama, neva ile ikiumia wayo hauhisi vizuri, hatakwambia inamuumiza. Siku za mwanzo avae saa moja, vua, angalia ngozi, wekundu ukikaa zaidi ya dakika 30 rudi kwa fundi usisubiri miadi.

mzee_wa_arua
Na viatu tafuta soko la Owino, raba za kamba zinazofunguka mpaka chini, toa soli ya ndani upande wa kulia. Nenda na AFO mkononi ujaribishie palepale.