Kijana wa hoki ya barafuni: aende Amerika mapema au asubiri?

Muulizaji, Malindi:
Assalamu alaikum ndugu zangu. Hapa kwetu barafu tunaijua ya kuhifadhia samaki tu, lakini mgeni mmoja kutoka Uswidi amenitia hamu ya mchezo huu. Anasema kijana hodari, hata akishachaguliwa na klabu ya NHL, ligi kuu ya Amerika Kaskazini, katika uteuzi wa vijana wa kila mwaka, aghalabu hubakia Ulaya kwanza. Kuna faida gani?

Mchangiaji, Shela, Lamu:
Waalaikum salaam. Sababu kubwa ni kiwanja. Kile cha Ulaya kwa desturi kina upana wa mita 30, ilhali cha NHL ni kama mita 26, hivyo aliyezoea kumzunguka mpinzani kwa nafasi hujikuta amebanwa ukutani kabla hajaamua pasi aitoe wapi. Elias Pettersson alichaguliwa na klabu ya Vancouver mwaka 2017, akabaki Uswidi msimu mmoja, akaongoza ligi ya huko kwa pointi (mabao na pasi za mabao), kisha mwaka 2019 akatwaa tuzo ya chipukizi bora wa NHL.

Mchangiaji, Malindi:
Sikubali moja kwa moja. Juraj Slafkovský wa Slovakia, chaguo la kwanza la uteuzi wa mwaka 2022, alijiunga na klabu ya Montreal mwaka uleule. Msimu wa kwanza ulikatizwa na jeraha, ila wa pili alifunga mabao 20. Mwili wake mkubwa ulimsaidia, nadhani. Mwembamba ningemshauri asubiri, maana mechi za NHL ni zaidi ya 80 kabla ya mchujo, na Uswidi ni 52.

Muulizaji:
Ahsanteni. Nitamuuliza mgeni vijana wao wana umbo gani.