Naomba ushauri: buibui ukutani, chumbani kwa mtoto mchanga
Ndugu zangu, tunaishi Kisumu, karibu na Ziwa Victoria, katika nyumba ambayo buibui bapa, wenye miguu iliyotandazwa ukutani, hujibana nyuma ya kabati mchana na kutoka usiku kuwinda wadudu. Sitaki kupuliza dawa mahali anapolala mwanetu mchanga, na isitoshe, ukanda huu una buibui mdogo arukaye, Evarcha culicivora, ambaye hupendelea kuwinda mbu jike wa Anofelesi (mbu waenezao malaria) aliyekwisha kunywa damu. Kumwangamiza huyo naona ni hasara. Hata hivyo, mke wangu hapati usingizi akiona buibui juu ya chandarua. Je, nyufa za dari mnazizibaje? Na taa ya barazani, inayovuta wadudu, niizime mapema?