Makala ya jarida kuhusu sambaza (samaki wadogo): 45(3) maana yake nini?

Mwana_Kadutu: Habari zenu wakubwa. Niko Bukavu, naandika TFC (kazi ya kumaliza masomo chuoni) kuhusu uvuvi wa sambaza Ziwa Kivu. Direkta wangu, anayeisimamia kazi hiyo, amenipa makala ya kusoma. Baada ya mwandishi, mwaka na kichwa kuna jina la jarida, kisha 45(3), kisha 112–128. Nikiandika kichwa cha makala kwenye katalogi ya maktaba, hakitokei kitu. Mhudumu ananiuliza ISSN. Nianzie wapi?

Yaya_Ibanda: Mdogo wangu, usikate tamaa, huenda iko humo humo maktabani. Katalogi nyingi huorodhesha majarida tu, hazitaji kila makala iliyomo. Tafuta kwa jina la jarida. 45 ni juzuu, mara nyingi matoleo yote ya mwaka mmoja. 3 ni toleo. 112–128 ni kurasa. Majarida ya zamani hujalidiwa pamoja, juzuu nzima ikawa kitabu kimoja kinene, na mengi huendeleza hesabu ya kurasa toka toleo la kwanza hadi la mwisho. Ukiipata juzuu 45, fungua ukurasa wa 112 moja kwa moja.

Mzee_wa_Himbi: ISSN ni namba ya jarida zima: tarakimu 8, kistari katikati, ya mwisho yaweza kuwa X. Inasaidia majarida yenye majina yanayofanana. Makala yenyewe mara nyingi ina DOI, namba yake ya pekee, inayoanza na 10. Iandike baada ya doi.org/ itakufikisha.

Mwana_Kadutu: Aksanti sana! Jarida nimelipata, ila rafuni juzuu zinaishia 41. Kwenye intaneti ikisiri (muhtasari wa makala) ni ya bure, makala wanataka dola. Ninukuu ikisiri tu?

Yaya_Ibanda: Hapana, nakusihi. Ikisiri inakupa matokeo, lakini haielezi kwa kina sambaza walivuliwa upande gani wa ziwa, kwa nyavu zipi, miezi gani. Na hapo ndipo wasomaji wa TFC watakapokubana. Pesa pia usitoe kwanza. Mwandikie mwandishi, barua pepe yake mara nyingi iko ukurasa wa kwanza, na wengi hutuma PDF kwa moyo mweupe.

Mzee_wa_Himbi: Muulize pia mkutubi kama chuo kimejiandikisha AGORA, mpango wa FAO (shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa) wa majarida ya kilimo na uvuvi. Anayejiandikisha ni chuo, siyo mwanafunzi. Kama bado, mwombe direkta wako alisukume, wadogo zako watafaidika.